Volteji ya Kadi ya Grafiki: Ipandishe, Ishushe ama Uiache? Risto Kamili kwa Wasee wa Gemu Kipkelion

Kama uko Kipkelion, Londiani, Fort Ternan ama ocha yoyote kwa hii milima ya Kericho na Bomet, na una kompyuta ya gemu uliyounga kwa kuokoteza vipande, hii ni yako. Kama uko Umoja ama Kisauni pia kaa hapo hapo. Sayansi ni ile ile, tofauti ni baridi na rent.

Swali ambalo wasee huuliza kila siku ni moja: nikiongeza volteji ya kadi yangu, gemu itakimbia zaidi? Jibu fupi: itakimbia kidogo, tokeni itakimbia zaidi, na siku moja kadi yenyewe itakimbia, iende kwa fundi na isirudi. Jibu refu ndilo hili hapa, na ndani yake kuna kitu ambacho wengi hawaambiwi: mara nyingi ukitaka kadi yako ifanye kazi poa, unashusha volteji, hupandishi.

Nianze na aibu yangu ndio ujue sibongi kutoka hewani. Mwanzo wa 2023 binamu yangu alifungua base ya gemu nyuma ya steji, mashine nne, mteja analipa mbao kwa mechi. Kadi zake zilikuwa RX 580 za mtumba. Mimi, mjuaji wa familia, nikaketi kwa mashine ya kwanza nikavuta volteji hadi 1.2 na saa ya chipu hadi megahazi 1450. Wiki mbili ikawa fiti sana. Jumamosi moja, base imejaa, ikatoka harufu kama ya plastiki kwa jiko, skrini ikawa nyeusi, na ngiri kumi na mbili za binamu zikaishia hapo. Fundi aliifungua akanionyesha kipande kilichoungua pembeni ya chipu. Chipu yenyewe ilikuwa nzima. Kumbuka hiyo pointi, nitairudia.

Volteji inafanya nini hasa

Ndani ya chipu ya RX 580 kuna transista bilioni 5.7. Kila moja ni swichi, inawaka na kuzima. Ukisikia kadi iko megahazi 1340, maana yake kuna mdundo unaopigwa mara bilioni 1.34 kwa kila sekunde, na swichi lazima ziwe zimeshabadilika kabla mdundo unaofuata haujafika. Volteji ndiyo msukumo wa kuzibadilisha. Ukiongeza kasi ya mdundo bila kuongeza msukumo, kuna swichi zitachelewa. Zikichelewa, hesabu inatoka mbaya, na hesabu mbaya kwa kadi ya grafiki unaiona kwa macho: madoa ya rangi, pembetatu zinazoruka kwa skrini, ama gemu inakufa ghafla ikurudishe kwa desktopu.

Fikiria boda imebeba gunia za kahawa ikipanda kutoka Fort Ternan. Unaweza kulazimisha spidi, lakini lazima ukanyage mafuta, na kila ukiongeza spidi kidogo mafuta yanaisha kwa haraka isiyo sawa na hiyo spidi. Kwa chipu, hiyo "isiyo sawa" ina fomula yake. Nguvu inayoliwa inaenda sambamba na kasi, lakini inaenda sambamba na volteji mara mbili, yaani volteji zidisha volteji. Hapo ndipo utamu na uchungu wote uko.

Tupige hesabu na namba za RX 580 iliyo kwa kiwango cha kawaida, tuseme megahazi 1340 kwa volti 1.15. Mimi nilipeleka 1450 kwa volti 1.2. Kasi ilipanda asilimia 8. Volteji ilipanda kama asilimia 4 tu, lakini ukiizidisha kwa yenyewe halafu uzidishe na kasi, nguvu iliyoliwa na chipu ilipanda karibu asilimia 18. Yaani joto asilimia 18 zaidi kwa fremu ambazo mteja hata hakuziona. Mtu anacheza FIFA, jamani.

Sasa geuza. Shusha ile kadi hadi 1250 kwa volti 1.0. Umepoteza kama asilimia 7 ya kasi. Nguvu ya chipu imeshuka karibu asilimia 30. Soma hiyo sentensi tena polepole, maanake ndiyo sababu ya hii makala. Na hata ukikataa kupoteza kasi yoyote, ukabaki 1340 lakini ukafanikiwa kushuka hadi volti 1.05, bado umeokoa asilimia 16 ama 17.

Inawezekanaje kampuni iuze kadi yenye volteji imezidi? Ni rahisi. Chipu hazitoki sawa kiwandani. Kuna iliyozaliwa kali, inafanya 1340 kwa volti 1.03 bila shida, na kuna nzito inayotaka 1.13. Kampuni haina muda wa kukaa na kila moja kama mama na mtoto, kwa hivyo inaweka namba moja inayotosha hata ile nzito kabisa. Kama yako ni kali, ziada yote inakuwa joto. Wazungu huita hiyo bahati nasibu ya silikoni, na ni kweli ni bahati nasibu: kadi mbili za boksi moja, duka moja, siku moja, zinaweza kutofautiana.

Kupandisha: nani anafaa kujaribu

Siwezi kukudanganya kwamba hakuna raha. Ipo. Lakini jua kwamba mlango wenyewe siku hizi umefungwa karibu wote. Tangu GTX 680 ya 2012, kadi za Nvidia hujipangia kasi zenyewe kwa kuangalia joto, nguvu na volteji. Mwaka huo huo EVGA iliondoa uwezo wa kutumia kile kifaa chake cha EVBot kwa GTX 680 Classified, kile kilichokuwa kinaruhusu watu kusukuma volteji kupita kiasi. Kwa familia ya GTX 1050 Ti na 1060, ukivuta kile kistari cha volteji cha Afterburner hadi mia kwa mia, hujaongeza volteji mara mbili, usishtuke wala usijigambe. Umefungua tu mlango hadi volti 1.093, ambayo ni kama milivolti 30 juu ya pale ilipokuwa inaishia, na unapata hatua moja ama mbili za megahazi 13 hivi. Kwa gemu inayokimbia fremu 60, hiyo ni fremu moja. Moja.

AMD za enzi ya RX 580 ni wazi zaidi, ndio maana mimi niliweza kujichoma nazo. Programu ya AMD yenyewe, tangu walipoleta WattMan pamoja na RX 480 katikati ya 2016, inakuruhusu kuandika volteji kwa mkono.

Na hapa nirudi kwa kile kipande kilichoungua. Chipu haipokei umeme moja kwa moja kutoka kwa pawa saplai. Pawa saplai inatoa volti 12. Chipu inataka volti 1 na kitu. Kati yao kuna safu ya vipande vidogo vinavyoshusha 12 hadi 1, na vipande hivyo ndivyo hubeba mzigo wote. Wati 150 kwa volti 1.15 ni ampea 130. Hiyo ni ampea zaidi ya nyumba yako yote. Programu nyingi hukuonyesha joto la chipu tu, unaona nyuzi 76 unatabasamu, kumbe vile vipande pembeni viko zaidi ya 100 na pedi zao za kupitisha joto zilikauka zamani. Kadi yangu ilikufa ikionyesha joto la heshima kabisa.

Halafu kuna kifo cha polepole. Volteji nyingi na joto kwa pamoja huzeesha njia za umeme ndani ya silikoni, hadi kasi iliyokuwa inaenda vizuri mwaka jana inaanza kukataa. Si hadithi. Mwaka 2024 Intel ilikubali kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za desktopu zilikuwa zinajiomba volteji iliyozidi na kuharibika kidogo kidogo. Ikatoa marekebisho ya programu mwezi wa Agosti na kuongeza warranty kwa miaka 2. Hizo ni prosesa, si kadi za grafiki, lakini silikoni haijui tofauti. Kama kampuni kama hiyo inaweza kujichoma kwa volteji, wewe na mimi ni nani.

Kushusha, hatua kwa hatua

Kwanza pakua MSI Afterburner kutoka kwa tovuti ya MSI wenyewe. Mwaka 2021 MSI ilitoa onyo kuhusu tovuti feki iliyokuwa inagawa virusi kwa jina la hii programu, na tovuti za aina hiyo haziishi. Inafanya kazi kwa kadi za Nvidia na AMD, bure. Ongeza HWiNFO ama GPU-Z za kusoma namba.

Kabla hujagusa chochote, cheza gemu yako ya kawaida nusu saa na uandike, kwa karatasi kabisa: kasi ya chipu, volteji, wati, joto, fremu. Msee asiye na namba za kuanzia hana kitu cha kulinganisha, anabahatisha tu.

Kwa Nvidia, ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F kwa pamoja. Utaona mchoro wa nukta zinazopanda kama barabara ya kwenda Londiani: chini ni volteji, pembeni ni kasi. Tuseme kadi yako, GTX 1660 Super kwa mfano, ilikuwa inakaa megahazi 1830 kwa volti 1.03 ukicheza. Unataka ikae 1830 hiyo hiyo kwa 0.950. Rudi kwa dirisha kuu, vuta Core Clock chini kama 250, bonyeza alama ya tiki. Sasa rudi kwa mchoro, shika nukta iliyo juu ya 950, inyanyue hadi 1830, tiki tena. Nukta zote za upande wa kulia zitalala kwa mstari mmoja kama meza. Maana yake umeiambia kadi: ukifika hapa, usiombe volteji zaidi.

Kwa AMD, fungua programu yao ya Adrenalin, nenda Performance, kisha Tuning, chagua kujipangia mwenyewe. Kwa RX 570 na 580 utaona ngazi za kasi na volteji ya kila ngazi. Shusha ile ya juu kwa milivolti 25, jaribu, shusha tena. Kuna mtego hapo ambao ulinipotezea siku nzima: sehemu ya volteji ya memori haibadilishi memori yenyewe, inafanya kazi kama sakafu ya volteji ya chipu. Ukiwa umeandika chipu 1.0 na pale kwa memori bado pameandikwa 1.05, chipu haitashuka chini ya 1.05 na utalala ukiamini umeshusha. Shusha zote mbili.

Kujaribu sasa. Wengi hukimbilia FurMark, ile pete ya manyoya. Hiyo inapima joto tu, na kwa kadi ya mtumba ni kama kumkimbiza babu marathoni kabla ya chai. Tumia Superposition ya Unigine mara kadhaa, halafu cheza gemu yako nzito kwa saa moja na zaidi. Kadi inaweza kupita kila kipimo halafu ikaanguka kwa gemu moja tu iliyo na mwanga mwingi. Ikianguka, hujaua kitu: kushusha volteji hakuchomi kadi, inakataa tu. Panda milivolti 25 juu ya pale ilipokataa, kisha uongeze 25 nyingine za usalama. Usiwe na tamaa ya milivolti za mwisho.

Na usiweke hiyo mipangilio ijiwashe na Windows hadi wiki ipite bila tatizo. Kama uliharakisha na sasa mashine inaganda ikiwaka tu, ingia safe mode uondoe Afterburner, basi.

Memori nayo? Ukiongeza kasi yake kuna faida, lakini sikiza hii. GDDR5 ina uwezo wa kugundua kosa na kutuma data tena. Kwa hivyo ukiisukuma kupita kiasi haianguki; inaanza kurudia rudia kazi kimya kimya na fremu zinashuka. Kwa kadi za RX 500, HWiNFO ina mstari unaohesabu makosa ya memori. Ikianza kuhesabu, rudi chini. Usihukumu kwa "haijacrash."

Wenye OptiPlex, mkutano wenu ni huu

Najua wengi wenu mnatumia zile ex-UK za ofisi, Dell OptiPlex ama HP Elite, kwa sababu ndizo doo inafikia. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 ndogo ni wati 240, na haina waya wa ziada wa kadi. Kwa hivyo kadi yako itategemea soketi ya bodi peke yake, na soketi hiyo kikomo chake ni wati 75. Ndio maana GTX 1050 Ti na GTX 1650 zimekuwa wafalme wa mtaa: zote ni wati 75.

Sasa cheki hii. GTX 1650 ikiwa imebanwa na wati 75, gemu nzito ikija inafika kikomo cha nguvu kabla ya kikomo cha kasi, na inajipunguza yenyewe. Ukishusha volteji, kila megahazi inakula kidogo, kwa hivyo ndani ya zile wati 75 zinaingia megahazi nyingi zaidi. Yaani umeshusha volteji na kadi ikawa na kasi zaidi. Wasee wakisikia hivyo hudhani ni uchawi. Ni hesabu tu.

Kuna mtu atakuambia unaweza kuweka kadi kubwa kwa OptiPlex ukitumia adapta, unachukua waya wa SATA wa hard disk unaugeuza kuwa waya wa kadi. Usifanye. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba ampea 4.5 kwa laini ya volti 12, yaani wati 54. Waya wa pini 6 wa kadi unahesabiwa wati 75, wa pini 8 wati 150. Ukiulazimisha, plastiki inayeyuka, na kama chumba chako ni cha mbao na mabati, tunabonga moto wa nyumba, si wa kadi. Hata AMD wenyewe mwaka 2016 walilazimika kutoa draiva mpya haraka kwa sababu RX 480 ilikuwa inavuta zaidi ya wati 75 kutoka kwa soketi ya bodi. Kama walirekebisha kwa kupita kidogo tu, wewe unapita mara tatu kwa nini?

Baridi ya Kipkelion inasaidia, lakini si vile unafikiri

Wasee wa Mombasa hutuonea wivu. Usiku hapa unavaa jaketi mbili, feni ya kadi inavuta hewa ya nyuzi 14 ama 15. Wao wanavuta ya 28. Hiyo ni tofauti kubwa na inaenda karibu moja kwa moja kwa joto la chipu.

Lakini Kipkelion iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Ukilinganisha na pwani, imepungua uzito kama moja ya sita. Feni inazungusha ujazo ule ule, lakini ndani ya huo ujazo kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Kwa hivyo sehemu ya faida ya baridi inarudishwa na mwinuko. Bado tunashinda pwani, lakini usiweke feni chini eti kwa sababu umevaa jaketi. Na mchana wa Januari, chumba kidogo cha mabati chenye mashine nne na vijana kumi na wawili, hiyo baridi huioni.

Jambo lingine linalowapata watu: mipangilio inayosimama hapa usiku inaweza kuanguka kwingine. Binamu alibeba mashine moja kwenda tournament Kisumu. Unashuka kutoka Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, na kila kilomita joto linapanda hadi unafika ziwani. Mashine iliyokaa mwezi mzima bila tatizo ilianguka mechi ya pili. Silikoni ikiwa moto inahitaji msukumo zaidi kidogo kwa kasi ile ile, na sisi tulikuwa tumeacha ukingo wa milivolti kumi tu. Ndiyo sababu ya zile 25 za usalama nilizokuambia juu. Usizisahau kama sisi.

Na vumbi jekundu. Sitasema mengi, kila mwezi mbili fungua, puliza, shika feni kwa kidole isizunguke ukipuliza.

Hesabu ya tokeni

Chukulia chipu ya RX 580 inakula wati 130 kwa gemu. Ukishusha ile asilimia 30 tuliyohesabu, umeokoa kama wati 38. Mashine ikichezwa saa 8 kwa siku, hiyo ni uniti 0.3 na kitu. Weka bei ya uniti shilingi 28 pamoja na kodi zote (yako iangalie kwa SMS ya tokeni, gawanya pesa kwa uniti), unapata kama shilingi 8.60 kwa siku, 258 kwa mwezi. Kwa mashine nne ni ngiri moja na ushee kila mwezi. Kwa mtu anayekula mbao kwa mechi, hiyo ni mechi hamsini ambazo alikuwa anachezea Kenya Power bure. Msee wa keja mwenye mashine moja akicheza saa mbili jioni ataokoa kitu kama sitini kwa mwezi, na kwake faida kubwa ni feni kunyamaza na kadi kuishi.

Ukinunua ya mtumba

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki, na kadi ambazo zilikuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagika sokoni dunia nzima. Nyingine zimeishia kwa mashine zetu. Si lazima ziwe mbovu. Mchimbaji mwerevu alikuwa tayari ameshusha volteji kwa sababu yeye pia alilipa stima. Shida ni tatu: pedi na pesti zilizokauka, feni zilizochoka, na baiosi iliyobadilishwa ili memori iende kwa mtindo wa kuchimba. Kadi ya baiosi hiyo inaweza kukuangushia gemu hata hujagusa volteji, ukaanza kujilaumu. Fungua GPU-Z, angalia kasi iliyoandikwa, linganisha na ya mtengenezaji. Kadi kadhaa za RX 580 zina kaswichi kadogo ubavuni ka kubadilisha baiosi mbili. Jaribu upande ule mwingine kwanza kabla hujampigia muuzaji matusi. Badilisha pesti na pedi kabla ya kitu kingine chochote. Kama ningefanya hivyo 2023, pengine ile kadi ingekuwa hai.

Stima yenyewe

Hii haihusu volti 1.05, inahusu zile 240 za ukutani. Jioni kila mtu akiwasha, laini ya mbali na transfoma inashuka, taa zinakuwa za rangi ya chai. Pawa saplai nzuri inavumilia; ile ya bei ya chini inaanza kuyumba, na kadi uliyoibana kwa volteji ya mwisho ndiyo ya kwanza kulia. Kama mashine inaanguka saa moja hadi saa tatu usiku peke yake, usilaumu mipangilio yako kwanza. Nunua kile kifaa cha kulinda friji ama TV, kinachokata stima ikipanda au kushuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Stima ikipotea haichomi mashine sana. Ikirudi kwa fujo ndiyo inachoma.

Radi ni mambo mengine kabisa. Hii Kericho yetu inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970 kampuni za chai zililipia ndege zipande mawinguni kuchoma iodaidi ya fedha kupunguza mawe yasipasue majani. Hakuna kifaa cha dukani kitakachozuia radi ikigonga laini. Unachomoa plagi ukutani, na waya wa intaneti pia, wengi husahau huo.

Binamu sasa ana sheria. Ile sauti ya kwanza ya mawe kwa mabati, anazima mashine zote na kuchomoa. RX 580 tatu zilizobaki ziko 1250 kwa volti 1.0, zimefika mwaka wa pili hivyo, na kwa ile ya nne aliweka GTX 1650. Wateja humpigia kelele kila mara, mechi iko dakika ya 80 na mtu anaongoza. Anawarudishia mbao zao, wanakaa giza wakingoja mvua ipite.